Bonge la Magadi

Landrova ilianza kukohoa Kisongo.
Akyoo akaipiga dashibodi kofi moja,
kama anayemwamsha mtoto wa shule.
"Ina miaka arobaini na mbili," akawaambia wageni,
"haijawahi kulala njiani bila sababu."
Mimi mpishi nilikuwa nyuma, kati ya mtungi wa gesi
na madumu sita ya maji,
trei ya mayai mapajani,
nimeishika kama mtoto wa watu.

Mto wa Mbu, lami ikatuaga.
Ndizi nyekundu za mwisho, vitunguu vya mwisho,
na kiberiti cha pili, kwa sababu mama alisema
jangwa halikopeshi.

Baada ya hapo, vumbi.
Si lile la Sakina, unalolifagia asubuhi
likarudi jioni kuomba radhi.
Hili lina cheo. Liliingia kwenye sukari,
kwenye saa ya Akyoo,
kwenye jina la mtu ukimwita.
Engaruka chai ilipata rangi
kabla sijatia majani.
Usiku baridi ikashuka kutoka Kerimasi,
ikapapasa turubai nzima ikitafuta tundu,
ikalipata, upande wangu.

Siku ya pili tuliliona ziwa,
au tuseme, pale lilipovua nguo likaondoka.
Weupe. Weupe wa sahani iliyorambwa.
Mbali kabisa mstari wa waridi,
heroe, au macho yetu yaliyochoka.
Saning'o, tuliyempakia Engare Sero,
alinyoosha fimbo: "Msipite hapo."
"Napajua," alisema Akyoo.

Ganda lilivunjika taratibu,
kama ukoko ukiubonyeza kwa kidole.
Magurudumu ya nyuma yakaingia, kisha difu, kisha kimya.
Sijawahi kumsikia Akyoo akinyamaza namna ile.
Jeki ilizama badala ya kuinua.
Tukaitandikia ubao wangu wa kukatia nyama,
vifuniko vya sufuria, gunia la mkaa,
na yule mama mgeni, mwalimu mstaafu,
akapiga magoti, akachimba
kwa mwiko wangu wa ugali.
Kuchimba ziwa kwa mwiko!
Hata neno lenyewe linakukanya.

Tulilala hapo hapo.
Mayai kumi na moja yalikuwa hai, nikayachemsha yote.
Mgeni akauliza, nami nikatafsiri:
"Hapa pana nini?"
Saning'o alitafuna, akameza, akafikiri.
"Pana hapa," alisema.
Sikujua niitafsiri vipi. Nikampa chumvi.

Alfajiri Akyoo akashika dumu la kwanza
amwage, gari lipungue uzito.
Saning'o akamshika mkono.
Hakusema kitu, alitazama tu upande wa Gelai,
ambako wanawake watatu na punda wawili
walikuwa wanakuja, wadogo kama kunguni kwenye shuka.
Basi tukayabeba mgongoni hadi nchi kavu,
mizigo yote, dumu kwa dumu,
nyayo zetu zikijaa maji ya rangi ya damu ya samaki.
Manne tukawaachia.
Mmoja alionja kwanza, akacheka,
akatwambia maji yetu yananuka plastiki.

Ganda lilikuwa limekazwa na baridi ya usiku.
Landrova ilikohoa, ikatetemeka,
ikatoka kinyumenyume, kama mtu anayeaga wazee.

Siku ya nne, Arusha. Mvua kwenye lami ya Kisongo,
Meru umejifunika hadi kidevuni.
Mama Aikande hakuuliza habari za mlima unaofuka moshi.
Aliuliza: "Umeniletea?"
Nikatoa soksi mfukoni, ndani yake bonge,
jeupe, na mshipa mmoja wa kijivu.
Alilibisha kwa kisu, akanusa,
akatupia kipande kwenye chungu cha makande.

Maharage yaliyogoma tangu asubuhi yakalegea.
Tulikula bila maneno.
Kati ya punje na punje, chini kabisa ya ulimi,
ganda likavunjika tena, taratibu,
na mtu akanyamaza.